Nilimtafuta Mfumaji Upande Usio Wake wa Mto

Kwa muda wa miezi saba, sebuleni kwa baba mkwe wangu mjini Bristol ilitundikwa fremu yenye nakala ya ukurasa wa daftari la ubatizo la mwaka 1822, na mtoto aliyeandikwa katika ukurasa ule hakuwa wa ukoo wake. Mimi ndiye niliyeitafuta nakala hiyo, nikaitia fremu na kumkabidhi siku alipotimiza miaka 83, mbele ya wanawe na wajukuu, huku nikijisifu kimoyomoyo kwamba mkwe aliyetoka Muheza ndiye aliyewafukulia Waingereza babu yao. Mwandiko niliusoma sawasawa, jina lilikuwa lenyewe, na mwaka ulikubaliana na sensa. Nilichokosea ni mpaka. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao, kwa ndoa au kwa damu, wamejikuta na jina la Kiingereza katika ukoo na wanataka kujua limetoka wapi.

Baba mkwe, ambaye hadi leo nashindwa kumwita kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya wakwe zake wengine, alikuwa na sentensi moja tu kuhusu asili yake: watu wetu walikuwa wafumaji wa Todmorden. Aliipata kwa baba yake, naye baba yake kwa babu, na nyuma ya hapo hapakuwa na hadithi, kaburi wala picha. Mimi nimekulia kwa bibi aliyeweza kutaja mababu saba bila kupumzika, kwa hiyo ukimya ule ulinisikitisha kuliko ulivyomsikitisha yeye. Januari 2021, nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona na mama mkwe akiwa hajatimiza mwaka tangu azikwe, nilimwambia nitamtafutia. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Todmorden ni mji mdogo wa bondeni, kaskazini mwa Uingereza, uliobanwa na vilima vya Pennines pale Lancashire na Yorkshire zinapokutana. Kwenye ramani ya simu yangu ulikuwa mji mmoja ndani ya kaunti moja, West Yorkshire, na katikati yake kulikuwa na kanisa la kale la Mtakatifu Maria. Nikahitimisha kwamba mtu wa Todmorden hakuwa na mahali pengine pa kubatiziwa. Hitimisho hilo lilinigharimu mwaka mzima.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Nilitoka kwenye kinachojulikana kuelekea kisichojulikana, nikapanda kizazi baada ya kizazi kwa vyeti na sensa hadi kwa babu wa babu yake, mtu wa kiwanda cha pamba aliyeishi Rochdale. Jina lake sitalitaja. Inatosha kusema ni la aina ya Greenwood na Sutcliffe, majina ambayo bonde lile limejaa kama Muheza ilivyojaa akina Mhina. Sensa ya Uingereza ilianza kuuliza mahali hasa mtu alipozaliwa mwaka 1851. Ile ya 1841 iliuliza tu kama alizaliwa katika kaunti anayoishi, na makarani walielekezwa kushusha umri wa watu wazima hadi tano au kumi iliyo chini yake, kwa hiyo aliyesema ana miaka 29 huandikwa 25, na anayeitegemea sensa hiyo peke yake hupotea mapema. Mwaka 1851 mtu wangu alisema amezaliwa Stansfield, Yorkshire. Mwaka 1861 akasema Todmorden, Lancashire. Mwaka 1871 ikawa Todmorden, Yorkshire, na mwaka 1881, akiwa anakaribia miaka 60, akasema Halifax.

Niliona mbele yangu mtu asiyejua kwao. Niliandika Stansfield kwenye ramani ya simu, ikanipeleka kwenye kijiji cha Suffolk, upande mwingine kabisa wa nchi, nikaamua kwamba karani wa sensa alisikia vibaya. Majibu mengine matatu niliyaona yanazungukazunguka Todmorden, nikaridhika.

Wakati huohuo nilikuwa nanunua vyeti. Mwaka ule cheti kimoja kutoka ofisi kuu ya usajili kilikuwa pauni 11, na nilinunua vinne vya ndoa za wanaume wenye jina lile katika wilaya za usajili za Todmorden na Rochdale kabla sijampata wangu. Pauni 44 zikaenda kwa ndoa za wageni. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba faharasa ya ofisi hiyohiyo, ambayo haina malipo ukishajiandikisha, huonyesha ukoo wa mama wa kila mtoto aliyesajiliwa tangu usajili wa serikali ulipoanza Julai 1837. Ningechukua majina ya watoto kutoka kwenye sensa, nikatazama katika faharasa mama yao alikuwa binti wa nani, ningejua ndoa ninayoihitaji kabla ya kutoa hata senti. Cheti cha tano, kilichokuwa sahihi, kilinipa jina la baba wa bwana harusi na kazi yake: mfumaji. Baba mkwe alifurahi mno kusikia neno hilo moja, kwa sababu lilithibitisha sentensi yake.

Basi nikaenda kwenye daftari la ubatizo la Mtakatifu Maria, Todmorden, na mwaka 1822 nikamkuta: jina lake, jina la baba yake, baba mfumaji, wakazi wa Walsden, ambako ni mwendo mfupi kutoka mjini. Sikuangalia mbele wala nyuma. Nilituma nakala ikachapwa kwenye karatasi nzuri, na jioni hiyohiyo nikauweka mti wa ukoo mtandaoni ili na wengine wafaidi.

Aliyenizindua ni wifi yangu. Ni mhasibu, na wahasibu wana ugonjwa wa kutopitisha hesabu isiyofunga. Krismasi ya mwaka huo alikuwa akiyapitia makaratasi yangu, akaniuliza kwa nini mtu huyu alibadilisha kaunti aliyozaliwa kila baada ya miaka kumi. Nikamwambia watu wa zamani walikuwa hawajui. Akanijibu kwamba mtu anaweza kusahau mwaka wake wa kuzaliwa, ila alikozaliwa hakusahau. Sikulala vizuri usiku ule.

Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bure, ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji ramani, zinazohusu Uingereza yote, na ni kichekesho kidogo kwamba mipaka ya Waingereza utaiona vizuri zaidi kwa Waskoti. Kaunti za Lancashire na Yorkshire zilipimwa kwa kipimo cha inchi sita kwa maili kuanzia miaka ya 1840, wakati ambapo mtu wangu alikuwa kijana aliye hai. Nilifungua karatasi ya Todmorden, nikakuza picha. Katikati ya mji, ukifuata maji, ulipita mstari wa vidoti. Magharibi ya mstari palikuwa kitongoji cha Todmorden na Walsden, ndani ya parokia ya Rochdale, Lancashire. Ng'ambo ya pili palikuwa Langfield, na kaskazini yake, juu ya mteremko, kwa herufi pana zilizotawanyika katika mashamba, palikuwa Stansfield. Vyote viwili vitongoji vya parokia ya Halifax, Yorkshire.

Mji niliouona kwenye simu kuwa mmoja ulikuwa umepasuliwa na mto Calder na kijito cha Walsden Water. Ukumbi wa mji, uliofunguliwa mwaka 1875, ulijengwa juu ya kijito chenyewe, nusu yake Lancashire na nusu Yorkshire, na juu ya nguzo zake wako wanawake wawili wa mawe wanaowakilisha kaunti hizo. Mpaka ulihamishwa mwaka 1888 ndipo mji wote ukaingia Yorkshire. Mtu wangu hakuwahi kusema uongo hata mara moja. Stansfield kilikuwa kitongoji chake, Halifax parokia yake, Yorkshire kaunti yake, na Todmorden mji aliokuwa akishukia sokoni, ambao karani aliyeketi Rochdale aliujua kuwa wa Lancashire. Majibu manne yalitoka katika mistari minne tofauti, nami niliyasoma kana kwamba mstari ni mmoja.

Hapo nikarudi kwenye daftari la Mtakatifu Maria nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kununua fremu: nikatafuta upande wa mazishi. Mtoto wa Walsden alizikwa mwaka 1824. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu aliyekufa akiwa mchanga nilikuwa nimemwoza, nikampa watoto na wajukuu, nikamtundika ukutani kwa watu asiowahusu.

Wiki tatu nilimkwepa baba mkwe. Nilipokwenda hatimaye, nilijiandaa kwa maneno marefu ya kuomba radhi, naye akanikatisha kwa swali moja: mtoto yule alikuwa na umri gani alipokufa? Nikamwambia, miaka miwili au pungufu. Akanyamaza, kisha akasema fremu ibaki ilipo mpaka apatikane wa kwake.

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kufanya kazi, na hili ndilo ninalotaka msomaji alichukue hata kama mengine atayaruka: kabla ya kumtafuta mtu katika nyaraka za Uingereza, tafuta kwanza mistari iliyomzunguka mahali alipoishi na mwaka alioishi, kwa sababu kila waraka ulitengenezwa ndani ya mstari wake na umehifadhiwa kwa kufuata mstari huo.

Kwetu Muheza, parokia ilikuwa kanisa, padri na vigango vyake, basi. Nilidhani na kwa Waingereza ni hivyo. Kwao parokia ilikuwa pia serikali ya chini kabisa. Thomas Cromwell aliamuru mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi, na sheria ya mwaka 1601 ikaibebesha kila parokia maskini wake, iwatoze kodi wenye mali na kuwalisha wasio na kitu. Kutoka hapo mpaka ukawa habari ya fedha. Mtu akilala njaa hatua kumi upande huu, kodi ni yenu. Akilala hatua kumi upande ule, ni yao. Ndiyo maana katika siku za kuelekea sikukuu ya Kupaa kwa Bwana padri na wazee walizunguka mpaka kwa miguu pamoja na watoto, na mahali pengine watoto walichapwa au kugongeshwa kwenye mawe ya mpaka ili wapakumbuke watakapokuwa wazee na kuitwa kutoa ushahidi. Nilipoisoma desturi hiyo nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba mimi pia mpaka nimejifunza kwa kuumia.

Kusini mwa nchi parokia nyingi zilikuwa ndogo, kijiji kimoja na kanisa lake, na mtafiti anaweza kubahatika bila ramani. Kaskazini hali ni nyingine. Parokia ya Halifax ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kuliko zote Uingereza, yenye vitongoji zaidi ya ishirini vilivyotawanyika kwenye vilima, na mtu wa Stansfield angetembea kama maili kumi na mbili kufika kanisa mama. Kwa hiyo kulikuwa na vigango, na kigango cha watu wa upande ule kilikuwa Heptonstall, juu kabisa ya kilima, chenye daftari lake. Vilevile, sheria ya mwaka 1662 iliruhusu vitongoji vya parokia hizo kubwa za kaskazini vijitegemee katika kuwalisha maskini. Yaani ubatizo utautafuta kwenye kigango, ndoa pengine kwenye kanisa mama, na karatasi za umaskini kwenye kitongoji, na yote hayo ni ya mtu mmoja aliyeishi nyumba moja.

Daftari la Heptonstall lilinipa jibu ndani ya saa moja. Januari 1823, jina lake, baba na mama, makazi Stansfield, kazi ya baba mfumaji. Tuna bahati kwamba kuanzia mwaka 1813 madaftari ya Kanisa la Uingereza yalichapwa kwa safu za makazi na kazi. Nyuma ya hapo mara nyingi utapata jina la mtoto na la baba tu, na bila kujua mpaka utashindwa kuwatofautisha watu watano wenye jina moja. Safari hii nilipekua mazishi ya Heptonstall na ya makanisa ya jirani hadi mwaka 1851 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Hakuzikwa.

Ndoa ya wazazi wake niliitafuta Heptonstall nikaikosa, nikaikuta Halifax kwenyewe. Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika Machi 1754 ilitaka ndoa itangazwe na kufungwa katika kanisa la parokia au katika kigango ambacho tayari kilikuwa na desturi ya kutangaza ndoa, na hata pale ambapo kigango kilikuwa na haki hiyo, wengi waliendelea kwenda kanisa mama kwa sababu zao. Ukikosa ndoa karibu, usipanue duara kiholela. Fuata ngazi ya kanisa kwenda juu.

Waraka ulionigusa kuliko yote haukutoka kanisani. Katika nyaraka zilizohifadhiwa Halifax nilikuta hati ya kuhamishwa ya mwaka 1826. Ni karatasi iliyochapwa, yenye nafasi tupu zilizojazwa kwa kalamu ya wino, nayo inawaamuru wasimamizi wa maskini wa Rochdale wamchukue mfumaji huyu, mkewe na watoto wanne waliotajwa kwa majina na umri, wawapeleke Stansfield na kuwakabidhi kwa wasimamizi wa huko, kwa kuwa wamekuwa mzigo na Stansfield ndiko kwao kisheria. Mtoto wa tatu, aliyeandikwa kuwa na miaka mitatu, ndiye babu wa babu yake baba mkwe. Mwaka ule biashara ya vitambaa ilikuwa imeanguka na wafumaji wa mkono wa Lancashire walivunja mashine za kufumia viwandani. Sheria tangu mwaka 1795 ilikataza kumwondoa mtu mpaka awe ameomba msaada, kwa hiyo najua kwamba siku fulani kabla ya tarehe ile baba huyu alikwenda kuomba. Chini kuna sahihi za mahakimu wawili, moja imeandikwa kwa haraka hadi wino umemwagika pembeni.

Maoni yangu ni kwamba jibu la mwaka 1851 lilianzia pale. Mtu aliyepelekwa utotoni kuvuka mpaka chini ya karatasi iliyosema kwao ni Stansfield hakuwa na sababu ya kujibu jina jingine karani alipomuuliza. Nami nilikuwa nimelifuta jina hilo kwa sababu simu yangu haikulijua.

Nieleze pia safari ya Preston, kwa kuwa ndiyo iliyoniuma mfukoni. Kabla ya Januari 1858 wosia ulithibitishwa katika mahakama za kanisa, na kila mahakama ilikuwa na eneo lake. Nikiwa bado naamini ukoo ni wa upande wa Lancashire, nilikwenda jumba la nyaraka la Preston, ambako kumehifadhiwa wosia wa watu wa Lancashire waliokuwa chini ya mahakama ya askofu wa Chester. Treni kutoka Bristol, chumba cha usiku mmoja na chakula vilifika pauni 138, na sikupata kitu. Parokia ya Rochdale ilikuwa chini ya askofu wa Chester, lakini Halifax ilikuwa chini ya York, na wosia wa York uko taasisi ya Borthwick, katika chuo kikuu cha mji huo. Hatua mia chache kuvuka mto ziliuhamisha wosia kutoka mji mmoja hadi mwingine ulio mbali kabisa. Mwaka 2022 niliwaandikia York badala ya kusafiri, nikajibiwa kwamba hakuna wosia wa mtu huyo. Wafumaji maskini wengi hawakuacha wosia. Lakini safari hii nilikosa mahali panapostahili kukosa, na pana tofauti kubwa.

Kwa anayeanza leo, njia fupi ni ramani ya mamlaka za mwaka 1851 iliyowekwa na FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo, bila malipo. Ukibofya parokia inakuonyesha kaunti, wilaya ya usajili, dayosisi, mahakama ya wosia na mwaka daftari lilipoanza. Mimi niliijua baada ya kuteseka. Ina kasoro moja: ni picha ya mwaka mmoja. Makanisa mapya yalijengwa kwa wingi baada ya sheria ya mwaka 1818, na sheria ya mwaka 1843 ikarahisisha kukata parokia mpya kutoka za zamani, hasa katika miji ya viwanda, hivyo mtu anaweza kubaki nyumba ileile na parokia ikambadilikia. Mipaka ya parokia hizo mpya ilitangazwa katika gazeti la serikali la London Gazette, barabara kwa barabara, na kumbukumbu zake ziko mtandaoni. Halafu kuna parokia ya kiraia, ambayo ilianza kupata maana yake ya kisheria mwaka 1866 kama eneo linalotozwa kodi yake ya maskini, na ambayo siku hizi inaweza kuwa na jina moja na parokia ya kanisa huku mipaka ikiwa tofauti. Mimi niliwahi kuchapisha ramani ya parokia ya kiraia ya leo nikaichora wino mwekundu nikidhani ni ya mwaka 1820. Niliitupa.

Parokia nyingine zilikuwa na vipande vilivyojitenga, shamba au kijiji kizima kilichozungukwa na parokia ya wengine, na vingi viliunganishwa na majirani zao kwa sheria za kati ya mwaka 1876 na 1882. Kama mtu wako anaonekana kubatizwa mbali bila sababu, angalia kwanza kama nyumba yake haikuwa kwenye kipande cha aina hiyo. Ramani za zaka, zilizotengenezwa baada ya sheria ya mwaka 1836, zitakusaidia hadi kiwango cha shamba na jina la aliyelilima, na nakala za serikali ziko Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa; tatizo ni kwamba hazikutengenezwa kila mahali, kwa kuwa katika maeneo mengi zaka ilikuwa imeshamalizwa wakati mashamba ya pamoja yalipogawanywa.

Ukifika kwenye ramani kubwa zaidi za Ordnance Survey, za inchi ishirini na tano kwa maili, usiziogope herufi ndogo zilizopangwa pembeni mwa vidoti. C.S. ni katikati ya kijito. F.W. ni uso wa ukuta, B.S. ni jiwe la mpaka, na 4 ft. R.H. inakuambia kwamba mpaka unapita futi nne kutoka kwenye mashina ya ua wa miti. Kuna mahali juu milimani palipoandikwa Und., maana yake mpaka haukuwahi kuainishwa, na hapo hata wenyewe walikuwa wakigombana.

Jambo jingine nililochelewa kulielewa ni kwamba bonde lile lilijaa Wabaptisti na Wamethodisti. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo ukimya wa daftari la parokia si ushahidi kwamba familia iliishi kwingine. Madaftari mengi ya makanisa hayo yalikusanywa na serikali kuanzia mwaka 1837 na yako Kew pia. Wadogo wawili wa mtu wangu niliwapata huko, baada ya kuwa nimeshajenga nadharia nzima ya familia kuhama tena.

Ule mti nilioupakia mtandaoni sijaweza kuurudisha. Nilipoufuta, watu watatu walikuwa wameshaunakili, wamemwoza mtoto wa Walsden na kumpa watoto kumi kama nilivyofanya mimi. Niliwaandikia wote, nikaeleza kosa ni langu na nikaambatanisha rekodi ya mazishi. Mmoja alijibu kwa shukrani na kurekebisha. Wawili wamenyamaza, na mwezi uliopita nimeona mti wa nne, wa mtu nisiyemjua kabisa, wenye kosa lilelile.

Mei 2022 tulimpeleka baba mkwe Todmorden, wifi yangu akiendesha. Alisimama mbele ya ukumbi wa mji akaniuliza upande gani ni wao, nikamwonyesha, akavuka barabara polepole na fimbo yake akasimama huko kwa dakika kadhaa bila kusema kitu. Kisha tukapanda Heptonstall, ambako kanisa la zamani limebaki kuta bila paa na kanisa jipya, lililojengwa katika miaka ya 1850, limesimama ndani ya kiwanja kilekile. Mawe ya makaburi yamelazwa chini, yamebanana hadi unatembea juu yake. La mfumaji halipo, na sikutegemea kulikuta. Wakati wa kurudi aliomba tupitie Mtakatifu Maria pia, ingawa nilimweleza kwamba hakuna jiwe la mtoto yule.

Sasa sebuleni Bristol kuna fremu mbili. Ya Heptonstall iko juu. Ile ya kwanza aliniomba nisiiondoe, nibadilishe tu maandishi ya chini, nami nimeyabadilisha: jina la mtoto, Walsden, 1822 hadi 1824.